Samaki Amekufa, Tunda Halijafa

...nilikigeuza, lazima nilikigeuza, mtu hapandi ngazi ile mpaka juu halafu akashuka bila kufanya alichopandia, kulegeza nati yenye masikio, kuzungusha kifuniko cha hewa mpaka mshale uguse ishirini na tano, kukaza nati, kushuka, mambo manne tu, mtoto wa darasa la pili anaweza, na mimi nimemaliza kidato cha nne, na cheti cha mafunzo ya makontena ya baridi ninacho, mama mkwe amekitia fremu akakitundika sebuleni kama picha ya marehemu... lakini mbona sijioni nikigeuza, kila nikifumba macho naona ngazi, naona mkono unapanda, halafu naona niko chini tayari, pale katikati pamekatwa kama mkanda wa sinema uliolambwa na moto, kamua, kamua taratibu, titi la kushoto limekaza leo, chupa haijafika hata mstari wa kwanza na dakika kumi na tano za kukamua maziwa haziongezwi, mlango wa chumba hiki cha kubadilishia nguo nimeuwekea ndoo kwa sababu kitasa kilikufa mwaka jana, na nyuma ya ukuta huu, hatua sita au saba tu, lori linanguruma na juu ya lori kuna kontena langu, palati ishirini za maparachichi, limefungwa, limepigwa lakiri, linasubiri karatasi moja ipigwe muhuri litoke.

"Mkubwa, bandari inafunga geti saa kumi," dereva anasema, sauti inaingia kwa kidirisha cha juu pamoja na moshi wa lori lake, "mimi nina magurudumu, sina mabawa," na msimamizi wetu anamjibu polepole kama kawaida yake, "Kaka, karatasi inakuja, hata wewe ulikaa tumboni miezi tisa ukavumilia," na wapakiaji wanacheka, yeye hacheki, ndiyo maana tunamwita Bosi Barafu, si mkali, hapandishi sauti, anakutazama tu mpaka unaganda mwenyewe, kama alivyonitazama mwezi uliopita nilipouacha mlango wa chumba baridi wazi kwa sababu mama mkwe alipiga simu mtoto amepaliwa na uji, nilikimbia, nani asingekimbia, akanipa barua ya onyo, akaikunja mara mbili kabla ya kunipa, akasema, "Mama Bonge, barua hii haina dada yake, ikija nyingine itakuwa ya kwaheri," na mimi nikasema ahsante, yaani mtu anaonywa anasema ahsante, woga mwingine bwana... saa ngapi sasa, saa ya ukutani imesimama, hapa kila kitu kimesimama isipokuwa lori na moyo wangu.

Samaki ndio walioniharibu, wiki tatu mfululizo tumepakia samaki wa kugandishwa, nyuzi kumi na nane chini ya sifuri, na samaki kifuniko cha hewa kinafungwa kabisa, unapanda, unakaza, unashuka, mkono umezoea kukaza, mwalimu wa mafunzo alitwambia siku ya kwanza akipiga ubao kwa rula, "Samaki amekufa, tunda halijafa," alikuwa na kigugumizi kidogo kwa hiyo alilirudia mara tatu na darasa zima tukaitikia kama wimbo, tunda likikatwa mtini bado linapumua, linavuta hewa, linatoa hewa yake chafu, ukilifungia ndani bila tundu litavuta pumzi yake lenyewe mpaka liivie gizani, lilainike, liwe jeusi kwa ndani na kwa nje unaliona zima, siku ishirini na sita baharini linajisonga lenyewe, na leo ndiyo kontena la kwanza la maparachichi msimu huu, la kwanza, na kifuniko kilikuja kutoka yadi ya makontena kikiwa kimefungwa, hilo najua, nilikiona nikiwa chini, mshale uko kwenye sifuri, nikajisemea leo si samaki, Mama Bonge, leo ni tunda, nikachukua ngazi, nikaegemeza, nikapanda, nikaweka mkono, na hapo hapo juu ya paa la ghala kitu kikalia, paka, najua sasa ni paka, dume la paka linatafuta mke mchana kweupe, lakini sauti ilikuwa ya mtoto, ilikuwa ya Bonge wangu kabisa akiamka akanikosa, ule mlio wa kwanza wa kuuliza kabla hajaanza kulia, na maziwa yakashuka yenyewe, pande zote mbili, kama mtu amefungua bomba, shati la kazi likalowa mpaka kwenye mkanda, na mimi niko juu ya ngazi na wapakiaji wanne chini wanatazama, nikaubana mkono kifuani hivi... huu mkono, wa kulia? wa kushoto? ...na kitu kinachofuata niko chini nimejikinga kwa ubao wa fomu, na mpakiaji mmoja anasema, "Mama, mvua imekunyeshea peke yako?" na wenzake wanamzaba kofi la kisogo wanamwambia nyamaza, hukunyonya wewe?

Fomu imeandikwa ishirini na tano, wazi, sahihi yangu, lakini fomu si shahidi, fomu huwa naijaza chini kabla ya kupanda kwa sababu kule juu ninahitaji mikono yote miwili, Bosi Barafu alishanikataza, andika ulichofanya usiandike utakachofanya, nikasema ndiyo bosi, nikaendelea, kwa hiyo fomu inasema tu nilichonuia, na nia, mama mkwe husema, haijawahi kupika ikaivisha... mikono basi, mikono ingesema, ile nati ina kutu, ukiigeuza inakuachia rangi ya udongo kwenye kidole gumba na hiki cha pili, haitoki mpaka uisugue, nimefika hapa nimefanya nini, nimenawa, kwa sabuni, mara mbili, mpaka kwenye viwiko, kama nesi alivyonifundisha, mama kabla hujagusa chupa ya mtoto nawa kama unayekwenda kupasua mtu, nimenawa vizuri sana, nimejifutia ushahidi wangu mwenyewe, na sinki hili lina kutu tangu enzi na enzi, naliinamia kuangalia nione kutu gani ni ya leo, mwanamke mzima nachungulia sinki.

Cha ajabu mlango naukumbuka. Mlango naukumbuka wote, palati ya mwisho imeingia, foklifti imerudi nyuma inalia pii-pii yake, nimechoma kipimajoto kwenye tunda, nyuzi tano na nusu, safi, wapakiaji wamenipisha kwa sababu wanajua mimi ndiye ninayefunga, na nimesimama pale mlangoni kama ninavyosimama siku zote, nikajidai nakagua, nikatoa pumzi moja ndani, haaa, kama mtu anayefuta kioo, halafu nikasukuma, kwa ajili yake yeye, baba yake Bonge, kwa sababu yeye ndiye anayefungua upande wa pili. Mnunuzi wa ng'ambo alitaka watu wanne waliozoea kazi ya baridi wakafanye kwenye ghala lake, yeye alikuwa anaendesha foklifti hapa hapa, hii hii inayolia pii-pii, akachaguliwa, tumbo langu lilikuwa la miezi sita, akasema ni mwaka mmoja tu mke wangu, mwaka ni kitu gani, akaondoka akiwa amebeba begi moja na koti aliloazimwa, na mwezi wake wa kwanza kule akanipigia akasema, unajua, nikifungua mlango wa kontena la kwenu, kabla sijaona kitu, hewa ya kwanza inanipiga usoni, na ile hewa ilifungiwa huko, ni ya uwanja ule, ina vumbi letu, ina moshi wa lile lori bovu, huwa nasimama naivuta yote, wenzangu wananicheka, wananiita Mnusa Kontena, na mimi nilicheka kwenye simu nikajidai kucheka tu, lakini kesho yake nilipofunga mlango nikaitoa, pumzi, moja, na tangu siku hiyo sijaacha, makontena mangapi sijui, nani anayehesabu, wengine wanatumiana picha, sisi tunatumiana hewa, siku ishirini na sita njiani, akiivuta mimi nimeshasahau siku niliyoitoa, mtoto ameshaota jino... hajamwona, Bonge hajawahi kumwona baba yake isipokuwa kwenye simu iliyopasuka kioo, uso umekatwa vipande vitatu, anamwita mwanangu, mtoto analamba kioo.

Na ndiye atakayefungua hili. Siku ishirini na sita kuanzia kesho, atashusha ile nondo ya kufungia, atavuta mlango, atasogeza uso aivute hewa ya kwanza, na ikiwa mkono wangu haukugeuza... alinisimulia, Bwana wee alinisimulia, kuna kontena lilifika la watu wengine, matunda ya watu wengine, kifuniko kilisahauliwa, akafungua akasogea kama kawaida yake kunusa na ile hewa ikampiga akarudi nyuma akakaa chini kwenye sakafu, akatapika, siku mbili wakachota uji mweusi kwa makoleo, mikono ilinuka mpaka Ijumaa, akasema kwa kicheko, "Nilimlaani aliyelifunga, Mama Bonge, nilimlaani yeye na mkono wake," na mimi nikacheka pia, nikasema anastahili huyo, mzembe huyo, akazembee kwao... nikasema hivyo, kwa mdomo huu.

"Karatasi hii hapa," Bosi Barafu anasema, na naisikia inavyopigwapigwa juu ya kiganja chake kama anavyofanya, "bado sahihi ya mkaguzi, yuko wapi Mama Bonge?" na mtu anasema, "Ameingia kukamua," na dereva anasema, "Ng'ombe au?" na wanacheka tena na Bosi Barafu anasema, bila kupandisha sauti, "Mama yako alikuwa ng'ombe?" na dereva anasema, "Samahani mkubwa, ilinitoka," na injini inaendelea... kwa hiyo wananisubiri mimi, nilidhani ni muhuri, kumbe ni mimi, sahihi ya pili, ya kutoka, na kalamu iko mfukoni mwangu. Ningeweza kutoka nikasaini. Watu wangapi wangejua? Lori litatoka, kontena litapanda meli, na nusu kwa nusu huenda kifuniko kiko wazi, mkono wa mazoea, si ndivyo wanavyosema, mkono una akili yake, mbona nafunga kanga sijui ninavyofunga, mbona namfunga Bonge mgongoni gizani bila kuwaza... lakini mazoea ya wiki tatu ni ya kukaza, mazoea yangu ni ya samaki, mkono wangu ukiachiwa uamue wenyewe utafunga, Mungu wangu, utafunga. Na kwenda kutazama hakuwezekani hivihivi, jenereta la safari, la kuendesha baridi njiani, limeshapachikwa pale mbele, limekifunika kifuniko chote, mpaka foklifti ije, washushe jenereta, wapandishe ngazi, wapachike tena, saa nzima, na geti la bandari linafunga saa kumi, na meli ikiondoka bila kontena hili, mkulima atauliza, mnunuzi atauliza, na Bosi Barafu atakunja barua mara mbili, ile isiyo na dada, na pengine ngazi ikipanda wakute mshale uko ishirini na tano, wazi, salama, nimewasimamisha watu wote bure, watasema uzazi umempanda kichwani, watasema ndiyo hawa wanawake, anasikia paka anaona mtoto.

Kamua. La kulia sasa. Yanakuja vizuri la kulia, mchirizi mwembamba unapiga ubavu wa chupa, tss, tss, saa hizi ameamka kweli, amelala kifudifudi kwenye mkeka anajaribu kutambaa anarudi kinyumenyume, anakasirika, mama mkwe anamwambia baba yako alikuwa hivyohivyo, alianza maisha kwa kurudi nyuma... nikuone tu, nikunuse kichwani pale panapodunda, wewe na baba yako mmegawana mwili wangu mmeuvuta kila mmoja upande wake na mimi nimebaki hapa katikati na chupa. Jumapili iliyopita baba yake Bonge alipiga simu, homa ilikuwa imemkamata mtoto siku ya tatu, alikuwa anachemka mapajani mwangu nikiongea, na nilisema nini, nilisema tuko salama, hatuna neno, anakula vizuri, na nilimziba mtoto mdomo kwa titi asisikike akilia, na yeye akasema yuko salama, hana neno, kazi nzuri, na alikohoa, nilimsikia amegeuza simu pembeni akakohoa kikohozi kirefu cha kifuani halafu akarudi akasema mtandao huu, na mimi nikasema ndiyo, mtandao, nikamsaidia uongo wake naye akanisaidia wangu, na simu ilipokatika mama mkwe akaniangalia, alikuwa anachambua mchele hakuinua hata kichwa, akasema, "Mficha uchi hazai, na wewe umeshazaa, sasa unaficha nini?" nikakasirika, nikasema mama, mimi sitaki kumtia wasiwasi mtu yuko mbali, akasema haya, akaendelea na mchele wake.

Miezi kumi tunaambiana hatuna neno. Sijui anakula nini. Sijui analala na wangapi chumba kimoja, sijui kile kikohozi ni cha lini, sijui kama bado anasimama mlangoni au aliacha zamani na anaogopa kuniambia ameacha, namsubiri mtu simjui tena alivyo, namjua alivyokuwa, na yeye anamjua mwanamke asiye na neno, mwanamke huyo nani, mimi nina maneno, nina maneno mpaka yananivuja, naogopa, naogopa kila siku, naogopa mtoto akilala sana na naogopa asipolala, naogopa barua, naogopa kwamba mwaka utaongezwa uwe miwili na atanipigia atasema mke wangu miaka miwili ni kitu gani, na nitasema si kitu... na neno lenyewe ninaloliogopa kuliko yote hapa si kosa, kosa watu wanasema, nimekosea bosi nisamehe, kosa lina umbo, unalishika, hili halina umbo, hili ni sikumbuki, nani anakwenda mbele ya Bosi Barafu akasema sikumbuki, nilikuwa juu ya ngazi na sikumbuki mkono wangu ulifanya nini, hata mlevi anaona aibu kusema hivyo. Lakini ndiyo kweli yote niliyonayo. Sina nyingine. Nikisaini nasaini kwamba ninakumbuka, na sikumbuki, na yale kule ndani yameshaanza, sasa hivi ninapokaa hapa yanapumua, yote, kimya, hayajui kama kuna tundu au hakuna, yatavuta mpaka yajue.

"Mkubwa, saa nane na nusu," dereva anasema, taratibu sasa, amejifunza adabu, na Bosi Barafu anasema, "Naona," na hatua zake zinakuja, zile hatua za mtu asiyekimbia, zinasimama nje ya mlango, hagongi, ana heshima hiyo, anasimama tu na naona kivuli cha buti zake chini ya mlango pembeni ya ndoo, anasubiri, anajua mwanamke akiwa humu hasemeshwi... chupa imefika mstari wa pili, maziwa bado yanatoka, siwezi kuyaambia simameni, na sijasimama, sijafunga hata kifungo, sina uhakika wa chochote zaidi ya niliokuwa nao nilipoingia, sijui kifuniko kiko wazi au kimefungwa, wala sijui tena kwa nini nilidhani lazima nijue kwanza ndipo niseme, saa nane na nusu, saa moja ya jenereta, nusu saa ya barabara, bado inafika, inafika kwa kubana, kila nikikaa kimya haifiki, atauliza una uhakika, nitasema sina bosi, ningekuwa nao nisingekuja, atakunja karatasi, akunje, na Jumapili simu ikilia nitasema homa imepoa lakini ilikuwepo, siku tatu, nilikuficha, na hicho kifua chako je, nitauliza hivyo, kabla ya salamu... "Bosi," nimesema, na sauti imetoka ndogo mno, lori limeimeza, kivuli cha buti hakikutikisika, nimeshika chupa kwa mkono mmoja na titi kwa mwingine, navuta pumzi, nasema tena.